Kisima cha Baba na Maji ya Ziwa

Majibu ya maabara yalipofika nilidhani wamechanganya chupa. Nilikuwa ofisini Shinyanga, mchana wa jua kali, feni inazunguka bila kuleta upepo wowote, na bosi wangu amekaa meza ya pili anamenya chungwa. Nikausoma mstari wa kisima cha Tinde. Nikausoma tena. Kwa mujibu wa maabara, maji ya kisima cha baba yangu mzazi, kilichochimbwa nyuma ya duka letu kwenye mwamba mkavu, yalikuwa maji ya Ziwa Victoria.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana sikuona cha kuchekesha.

Inabidi nieleze kazi yangu, kwa sababu hata ndugu zangu hawaielewi, na shangazi yangu mmoja mpaka leo huwaambia watu eti mimi nauza maji ya chupa. Sisi tunazunguka visimani, kuanzia Geita kwenye mashimo ya dhahabu mpaka huku kwetu Shinyanga, tunachukua maji kidogo kidogo na kuyapeleka kupimwa. Tunataka kujua yametoka wapi na yamekaa ardhini muda gani. Maji yote ukiyatazama ni maji tu, lakini ndani yake zimo chembe nzito na chembe nyepesi, ndugu wa tumbo moja waliopishana uzito, wenyewe tunaziita isotopu. Ziwa limelala wazi juani mwaka mzima, jua linanyanyua zile nyepesi na kuziacha nzito, kwa hiyo maji ya ziwa hayajifichi popote utakapoyakuta. Ya mvua yana sura yake. Na yale yaliyokaa chini ya mwamba tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka yana sura yake pia. Ukishajua hayo ndipo unaweza kuwaambia watu kwamba kisima hiki kinajazwa na mvua, vuteni tu, na kile kinakula akiba isiyorudi, kipumzisheni. Huko Geita ndiyo kabisa, kwa sababu migodi inavuta maji yatoke mashimoni watu wachimbe pakavu, na kila kijiji kisima kikishuka wanauliza ni nani kayanywa.

Ni kazi nzuri, naipenda. Ila usiipeleke nyumbani kwenu.

Kisima chetu ni sadaka. Baba alikuwa na duka la jumla pale barabarani Tinde, ukoo wetu ukiwa umetoka pwani zamani za babu na kulowea huku bara. Alipougua mara ya mwisho alimwambia mama kwamba hataki kaburi lenye marumaru wala khitma ya kuchinja ng'ombe, anataka kisima. Watu wanywe, alisema, na kila atakayekunywa, na yeye huko apate chake. Kwa asiyejua: sisi Waislamu tunaamini mtu akishakufa kitabu cha amali zake kinafungwa, isipokuwa kwa vitu vichache vinavyoendelea kumletea thawabu akiwa kaburini, na maji aliyoyaacha watu wanywe ni mojawapo. Maadamu yanatoka, anapata. Yakikatika, yamekatika.

Tulikichimba kabla mama hajamaliza eda. Mtambo ulitoboa mfinyanzi mweusi, ukatoboa jiwe lililooza, ukaingia kwenye majabali ya kijivu, haya haya yanayosimama kwenye mashamba yetu, na huko chini kwenye nyufa maji yakapatikana. Tukaweka pampu ya umeme, simtanki juu ya mnara wa matofali, na koki moja upande wa barabarani. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi na ukali fulani wa kushika ulimi, chai yake ilikuwa inafanya utando juu kama maziwa. Lakini yalikuwa bure. Wanawake wa mtaa mzima, Waislamu kwa wasio Waislamu, walikuja na ndoo, na kila mmoja akijitwisha alisema, "Mungu amrehemu mwenye kisima." Mama yuko ndani ya duka, anasikia. Nimemwona mara nyingi akiacha kupima sukari, kikombe kimesimama hewani, anasikiliza mpaka sauti ipite.

Hicho ndicho alichobaki nacho mama. Sisi watoto tuko mbali, kila mtu na mambo yake. Yeye ana duka, ana swala zake, na ana zile sauti za pale kwenye koki.

Sasa, mwaka uliotangulia majibu yale, mtaani kulizuka habari kwamba maji ya kisima chetu yamekuwa matamu. Si kuzuka kwa uongo, nilikwenda nikayaonja mwenyewe. Ule ukali haukuwepo. Chai haikufanya utando. Watu wakasema marehemu kapokelewa, hiyo ndiyo dalili. Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa Kisukuma, mlokole wa kufunga na kukesha, aliniambia mlangoni, "Mzee wenu kafika pazuri, hata sisi tusio wa dini yenu tunaona." Mimi nina shahada ya miamba, nimefundishwa kutoamini kitu mpaka nikipime, lakini nakiri roho yangu ilitulia. Nilimwambia mama walivyosema watu. Akaniambia nimpe ile karatasi ya kufungia, kuna mteja.

Bosi ndiye aliyetaka kisima chetu kiingizwe kwenye utafiti. Upande ule wa Tinde hatukuwa na visima vingi tunavyovijua, na mmoja wa wahandisi alikuwa ameshasema zahanati ya kule inatafutiwa maji ya uhakika, kwa sababu yale ya bomba yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Bosi ni mtu wa Geita, kabla ya maji alikuwa kwenye utafutaji wa dhahabu, na lugha ya wachimbaji haijamtoka. Kisima kizuri kwake "kina mali". Shimo lolote ni "duara". Akitoa ushauri kuhusu ndoa yako atakuambia uangalie mkondo unalala upande gani.

Tukaenda. Mama alikuwa amepika pilau tangu asubuhi, akampokea bosi kama mkwe. Bosi akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akalishwa, ndipo tukaenda kwenye koki. Hapo pakawa na neno.

Sheria ya kazi yetu ni kwamba huchukui maji yaliyolala. Unayamwaga, unayamwaga sana, mpaka uhakikishe unayopata sasa yametoka chini ardhini muda huu. Kwa kuwa koki pekee ilikuwa ya kwenye tanki, ilibidi tanki lote limwagwe kwanza. Nikafungua koki, maji yakaenda mtaroni. Mama akatoka dukani mbio, mtu wa magoti mabovu yule, sijui alipitaje kwenye magunia. Akaifunga koki kwa mkono wake.

"Haya ni maji ya sadaka," alisema. "Hayamwagwi chini."

"Mama, ni kazi."

"Israfu si kazi. Watu wamepanga ndoo hapo, wewe unamwagilia barabara. Baba yako akikuona atasemaje?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mbele ya bosi nilitaka ardhi ipasuke. Lakini kwetu hubishani na mama yako juu ya maji ya baba yako, tena mtaa mzima unatazama. Bosi ndiye aliyetuokoa. Akasema basi yasimwagwe, yachotwe. Wanawake wachote wote wanaotaka, tanki likiisha ndipo sisi tuchukue yetu. Mama akakubali. Habari ikaenda mtaani, zikaja ndoo, yakaja madumu, mpaka mkokoteni wa punda ukaja. Wakachota wee. Tanki halikuisha. Kila bosi akipanda ngazi kuchungulia, maji yako palepale, na mama kila mara anaingia ndani kutazama wali ambao ulikuwa umeshaliwa.

"Hiki kina mali," bosi akaniambia, amefurahi kweli. "Hiki kinajazwa haraka, si mchezo. Yaliyolala yameshatoka, chukua."

Nikachovya kipimo cha chumvi. Kikasoma chini mno, chini kuliko kisima chochote tulichopima kwenye miamba ya namna ile. Nikamwonyesha. Akasema huenda kuna ufa umefunguka. Nikajaza chupa mpaka juu kabisa bila kuacha povu la hewa, nikafunga, nikaandika Tinde, tukaondoka. Nilijivunia, nisiseme uongo. Kisima cha baba kilikuwa kimemshangaza mtaalamu.

Ndiyo maana majibu yalinichanganya namna ile. Maji ya mvua ningeelewa. Maji ya kale ningeelewa zaidi. Lakini ziwa? Ziwa liko mbali, na isitoshe liko chini yetu. Tinde iko juu. Maji yangetoka ziwani, yapite chini ya Geita yote na mawe yake ya kijani na mashimo yake, yapande mpaka nyuma ya duka la mama yangu, yakiwa hayajachanganyika na chochote njiani. Nikamwambia bosi. Nilitegemea aseme maabara wamekosea, tuyarudishe.

Hakusema hivyo. Aliweka chungwa chini, akanawa mikono, akasimama kwenye ubao. Alichora ziwa. Alichora Geita. Alichora ufa mmoja mrefu, unalala kuelekea kwetu, ukipita chini ya kila kitu.

"Na mwinuko?" nikamuuliza. "Maji yamepandaje?"

"Msukumo."

"Msukumo wa nini, mzee?"

Akakuna kichwa. Akasema mwamba una mambo yake, na watu walidhani hata dhahabu haiwezi kuwepo pale ilipokuja kupatikana. Nilimtazama nikaona ameshazama. Mtu aliyetafuta mkondo wa dhahabu ujana wake wote ukimpa ufa, hawezi kuuacha. Na mimi, badala ya kupinga kwa nguvu, nikaanza kujishuku. Nililala na ule mchoro kichwani. Nikapika nao. Nilikuwa nikitazama maji yakitiririka kwenye sinki la nyumbani kwangu nikijiuliza tena na tena nimesoma nini chuoni.

Halafu mambo yakaanza kwenda mbio. Kwenye kikao, kisima cha Tinde kikawekwa kwenye kundi la visima vinavyojazwa vizuri. Yule mhandisi akauliza, basi si tuwape zahanati? Tuweke pampu kubwa, tuvute bomba mpaka wodi ya wazazi, wasitegemee tena yale ya bomba yanayokatika. Wote wakaona ni jambo jema. Mimi pia niliona ni jambo jema, na moyoni nikasema baba sasa atapata thawabu za kila mtoto atakayezaliwa pale. Bosi akaniagiza nikachukue chupa moja ya pili, ya kuthibitisha tu, ndipo mafundi waanze.

Sikumpigia mama simu. Haikuwa hila, nilijua tu kwamba nikimpigia atapika. Niliondoka Shinyanga alfajiri, nikafika Tinde jua linachomoza, duka bado halijafunguliwa. Nikapita mlango wa uani.

Kulikuwa na mpira wa maji wa kijani. Ulitoka kwenye dirisha la jikoni, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukapanda ngazi ya mnara, ukaingia kwenye mdomo wa simtanki, na pale juu umefungwa kwa kipande cha khanga usidondoke. Chini ya ngazi amesimama mama yangu, ameushika mpira kwa mikono miwili, anasikiliza tanki linavyojaa.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka, lakini mpira hakuuachia. "Marahaba. Mbona hukusema unakuja?"

"Unafanya nini?"

"Namwagilia."

"Unamwagilia tanki?"

Nikaufuata ule mpira kwa macho, kutoka tankini mpaka dirishani, mpaka kwenye koki ya jikoni, ile iliyofungwa wakati bomba la maji ya ziwa lilipofika mtaani kwetu. Ndipo nikauona ule ufa mrefu wa bosi, mwanzo mpaka mwisho, wa plastiki. Sikujua nicheke au nilie. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuko wa chupa za sampuli mapajani, nikamwambia, "Mama, unajua wewe tumekuchora kwenye ubao?"

Akaniuliza ubao gani. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa hasira, nikirukaruka, ziwa, Geita, nyufa, kikao. Akasikiliza. Nilipomaliza akasema mimi ndiye niliyetaka maji ya kwenye ile koki, akanipa maji ya kwenye ile koki.

"Ulituacha tuchote mpaka jioni."

"Na pilau mkala."

Akafunga maji, akakaa kwenye kizingiti cha jiko, akaanza kusema mwenyewe. Kiangazi kile kirefu, alisema, pampu ilianza kukohoa. Inatoa maji, inatoa upepo, inatoa maji. Akaita fundi, fundi akamwambia maji yameshuka chini ya pampu, yakipanda yatapanda, yasipopanda basi. Huku nje wanawake wamesimama na ndoo zao wanasubiri. Akawaza atoke awaambie nini, kwamba mume wake amekatika? Akachomeka mpira, siku ile tu, mpaka kisima kirudi. Kesho yake hakikurudi. Na kesho yake. Halafu watu wakaanza kusema maji yamekuwa matamu, marehemu kapokelewa.

"Hapo ndipo nilipokwama," alisema. "Nikisema si kweli, nimesema hakupokelewa?"

Nilitaka kumgombeza na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Kitu kilichonichanganya zaidi ni kwamba sikuweza kusema ni wapi hasa alikosea. Maji yalikuwa maji. Watu walikunywa. Dua ziliombwa na watu wazima wenye akili zao. Lakini bado kulikuwa na uongo humo ndani, umeyeyuka kama chumvi, huwezi kuuokota kwa mkono.

Nikamwambia habari ya zahanati.

"Hiyo pampu kubwa," akasema, "itavuta nini?"

"Upepo."

"Na wale wanaojifungua?"

Jibu alikuwa nalo. Mama amezaa pale, sisi sote, kwa maji ya ndoo. Akasimama, akapanda ile ngazi na magoti yake mabovu, nimemshika kiuno kwa nyuma, akafungua kile kipande cha khanga na kuuangusha mpira chini uani.

"Mwite mkubwa wako," akasema. "Mwambie safari hii sijapika."

Nilimwambia bosi kwa simu, na kwa muda nilidhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Mpira?" Nikasema mpira. Akauliza wa rangi gani, sijui kwa nini, nikamjibu wa kijani. Akafika kabla ya adhuhuri na mafundi na mashine ya kuvutia mabomba juu. Hakumlaumu mama hata kidogo. Alikaa juu ya gunia la mchele akajifuta jasho, akasema kosa ni letu, mtu hupimi tanki ukasema umepima ardhi. Kisha akaomba ruhusa ya kung'oa pampu. Naamini aliuaga ule ufa wake pale pale juu ya gunia, maana hakuutaja tena, na kwa siku kadhaa alikuwa mpole kupita kawaida.

Watu walijaa. Mafundi walipoanza kuvuta mabomba, mama alitoka na ushungi wake wa kwendea misibani, akawaambia wanawake kwa mdomo wake kwamba maji waliyokuwa wakinywa muda wote huu yametoka jikoni kwake. Hakuzunguka. Mmoja akauliza, basi ule utamu? Mama akasema utamu ni wa ziwa. Wakatazamana. Yule jirani mlokole alisema tu, "Lakini tulikunywa, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma, akachukua ndoo yake tupu akaenda zake. Wengine wakabaki wamesimama, hawajui wamkasirikie au wampe pole.

Bosi alishusha kopo refu la chuma kwa kamba, taratibu, mpaka likagusa. Likapanda na maji kidogo, mazito kwa vumbi la mawe. Nilijaza chupa zangu. Yaliyobaki yakawa kwenye kikombe, na mama akakinyooshea mkono. Akaonja. Ule ukali nikauona unavyomshika usoni.

"Haya ndiyo yake," akasema, akaanza kulia, kwa sauti, mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko.

Majibu ya pili yalichukua muda mrefu. Yalipokuja hayakuwa na utata wowote, na bado yalinichanganya kuliko ya kwanza. Maji yale hayakuwa na dalili ya mvua za miaka yetu. Yaliingia ardhini kale, kale sana, kabla ya mji, kabla watu wetu hawajafika huku, na mfinyanzi mweusi ukafunga mlango juu yake. Hayajazwi. Kila ndoo iliyotoka pale ilitoka moja kwa moja.

Tulikwenda wote wawili kumweleza mama. Tulikaa sebuleni, bosi kwenye kochi, mimi mkekani. Ushauri ulikuwa kisima kifunikwe, kiwekewe bomba jembamba la kupimia kina, kipumzike, na zahanati itafutiwe maji upande wa korongo la mchanga ambako mvua inaingia kweli. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kabla hakijakauka tuliswali swala ya kuomba mvua pale uwanjani," akasema. "Mvua ikanyesha na kisima kikapanda. Niliona kwa macho yangu."

Nikamweleza kwamba masika watu hukinga maji mapaani, hawaji kisimani, kwa hiyo kisima kinapumua na maji ya pembeni yanasogea kidogo. Nilisema kweli tupu. Nilivyokuwa nasema nilijisikia kama mtu anayemvua mwenzake shuka asubuhi ya baridi.

"Kwa hiyo mvua haikuwa yake."

"Haikuingia humo, mama."

"Na baba yako alikuwa anagawa kitu kisichorudi."

"Hakujua."

"Hakujua," akarudia. Bosi akatazama miguu yake. Nje magari makubwa yalikuwa yanapita kwenda Kahama, vyombo kabatini vikitetemeka kila lilipopita moja.

Mama akamsogezea bosi sahani ya kashata. Halafu akanigeukia mimi, si kwa hasira, amekunja uso kama anavyoukunja akisahau bei ya kitu.

"Hebu niambie. Yale ya chini, ya kale, walipokunywa wakamwombea, hizo thawabu nazielewa, ni zake. Lakini yale niliyojaza mimi kwa mpira, mwaka mzima, watu wakasema Mungu amrehemu mwenye kisima, na kisima kiko kikavu. Hizo zilimfikia yeye? Au zimeandikwa kwangu mimi? Au kwa kuwa nilidanganya hazikwenda popote?"

Bosi akaacha kutafuna. Nimezunguka visima kutoka Geita mpaka Mwadui, nipe chupa yoyote nitakuambia ni ziwa, ni mvua, au ni jiwe.

"Sijui, mama."

"Mbona mnasema ndiyo kazi yenu, kujua kitu kimetoka wapi na kimekwenda wapi?"

"Hilo hatuna kipimo chake."

Nadhani alikuwa anangoja niseme zaidi, mwanawe msomi, wa kwanza katika ukoo. Kisha akaanza kukusanya vikombe.

"Basi endelea kusoma," akasema. "Ukijua uniambie kabla sijamfuata, maana mimi nikifika ataniuliza."